Kubadilisha mashine ya kukereza mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayekereza kwa kupenda. Una kazi yako nyingine, mashine ndogo iko uani au stoo, na Jumamosi ndiyo siku yako ya maranda. Sasa mashine imeanza kukubana na unatafuta kubwa zaidi. Tumechukulia kwamba uko Dar es Salaam, unatumia umeme wa TANESCO wa nyumbani, na mbao zako ni hizi tunazozijua: mwembe uliokatwa mtaani, mfenesi, mninga, mtiki, na mpingo ukibahatika.

Nitajuaje kwamba tatizo ni mashine na si mkono wangu?

Noa patasi kwanza, kisha jiulize tena. Bakuli likitoka na nyuzi zilizong'oka sehemu mbili zinazotazamana, pale patasi inapokutana na ncha za nyuzi, hilo ni suala la makali na namna unavyoishika patasi. Utalikuta vilevile kwenye mashine ya kilo 300.

Mashine ndiyo yenye tatizo pale unapojua hasa unachotaka kutengeneza na yenyewe haiwezi. Gogo halipiti juu ya kitanda, yaani reli ndefu ya chini inayobeba mashine yote. Kasi ya chini kabisa bado ni kubwa. Mota inasimama ukikata kidogo tu ilhali patasi ni kali. Au mashine yenyewe inatembea sakafuni. Ukiona mawili kati ya hayo kila wiki, anza kutafuta fedha.

Nianze kuangalia kipimo gani?

Kasi ya chini. Wengi wanauliza hospawa (nguvu ya mota) kwanza, lakini kinachoamua kama utafunga gogo kubwa kwa usalama ni jinsi mashine inavyoweza kuzunguka polepole.

Kuna hesabu ambayo wakerezaji wameitumia kwa miaka mingi: chukua kipenyo cha mbao kwa inchi, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, na jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Kipande cha inchi 3 kinakubali mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900. Gogo la inchi 16 linataka kama 375 hadi 560, na hapo ni baada ya kuwa duara. Likiwa bado na ganda upande mmoja na uzito haujakaa sawa, unaanza chini zaidi na kupandisha kidogokidogo hadi mashine inapoanza kutikisika, kisha unarudi nyuma.

Sasa itazame ile mashine ya bei nafuu yenye kitanda cha bomba na hatua nne za mkanda, yaani puli za saizi nne unazohamishia mkanda kubadilisha kasi. Mara nyingi kasi yake ya chini iko kwenye 800 hivi. Kwa mizunguko 800, ukingo wa gogo la inchi 16 unapita mbele ya kifua chako kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Hakuna kinga ya uso iliyotengenezwa kuzuia kitu kama hicho. Kwa hiyo mashine isiyoshuka angalau hadi mizunguko 250, mimi siihesabu kuwa ya mabakuli makubwa hata kama kipenyo kinapita. Nzuri zaidi zinashuka hadi 50 au 60, na kasi hiyo utaipenda pia wakati wa kupaka rangi ya kung'arisha au kukagua kama umefunga sawasawa.

Inchi 12, 16, 20 maana yake nini?

Ni kipenyo cha mbao kubwa kabisa inayoweza kuzunguka juu ya kitanda. Angalia asili ya mashine, lakini. Mashine za Marekani huandikwa kwa kipenyo kizima. Baadhi ya mashine za Ulaya huandikwa kwa urefu kutoka kitandani hadi katikati ya shafti, yaani nusu tu. Ukiona milimita 150, huenda muuzaji anazungumzia mashine ya milimita 300, sawa na ile ya inchi 12. Watu wameikataa mashine nzuri kwa kudhani ni ya kitoto.

Pia, inchi 12 kwenye karatasi hazitoki zote. Egemeo la patasi lina mguu unaoteleza juu ya kitanda, na gogo nene likifika hapo linagonga. Kwa mashine ya inchi 12 fikiria bakuli la inchi 10 au 11 ndipo ufanye kazi kwa raha.

Ninahitaji kitanda kirefu?

Kama unakereza mabakuli, hapana. Mguu wa meza ya kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo inchi 30 hadi 36 kati ya senta na senta (ncha mbili zinazoshika mbao mwisho huu na ule) zinatosha kwa miguu ya meza na stuli. Nguzo za ngazi na miguu ya vitanda vya samadari ni habari nyingine. Mashine nyingi za kati zina kipande cha kuongezea kitanda, kinunue siku utakapokihitaji. Urefu ni rahisi kuuongeza baadaye; kipenyo hakiongezeki.

Uzito una umuhimu kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Una umuhimu kuliko karibu kila kitu baada ya kasi. Piga hesabu ya gogo bichi la mwembe, kipenyo inchi 16 na unene inchi 6: linafika kilo 15 hadi 20. Mashine ndogo ya benchi ina kilo 45 hadi 60. Ukifunga gogo hilo likiwa limeelemea upande mmoja, unazungusha theluthi ya uzito wa mashine yenyewe, na lazima kitu kitembee. Mashine za inchi 16 zenye kitanda cha chuma cha kusubu huanzia kilo 150 hivi, na za inchi 20 zinafika 300 na zaidi. Powermatic 3520C, ambayo wengi wanaiota, ina kilo kama 330.

Chuma cha kusubu kinameza mtikisiko. Bomba la mraba lenye uwazi ndani linaupiga kelele.

Kabla ya kuitupa mashine yako kwa sababu inatikisika, ijengee benchi zito. Mbao nene, miguu iliyotanuka chini kuliko juu, na sanduku chini lenye mifuko ya mchanga mkavu, kilo 100 au zaidi. Usichote mchanga wa ufukweni, una chumvi na utakula bolti zote. Ukishafanya hivyo unaweza kugundua kwamba ulichokuwa unahitaji ni benchi. Na ukiwa unajenga, weka katikati ya shafti usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama wima. Mgongo utakushukuru jioni.

Hospawa ngapi zinatosha?

Kwa vitu vya hadi inchi 12, moja. Kwa inchi 16, moja na nusu. Kwa inchi 20 na magogo mabichi, mbili. Tatu ni anasa kwa mtu wa Jumamosi.

La kuangalia zaidi ni puli. Mashine zenye kitufe cha kubadilisha kasi zinapendeza, lakini ukishusha kasi kwa umeme pekee, nguvu ya kuzungusha unayoipata kwenye shafti haiongezeki. Ukihamisha mkanda kwenda puli ya polepole, inaongezeka. Kwa hiyo mashine nzuri ina vyote: kitufe, na angalau hatua mbili za mkanda. Ukisikia mtu analalamika kwamba mashine ya hospawa mbili inasimama, muulize mkanda uko puli gani. Mara nyingi uko puli ya kasi, na hajauhamisha tangu alipoinunua.

Umeme wangu ni wa njia moja. Naweza kutumia mota ya njia tatu?

Unaweza, na kwa mashine ya kukereza ni njia nzuri sana. Unafunga VFD, kifaa kinachopokea umeme wa njia moja wa volti 230, kinautoa kwa njia tatu, na kubadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha hezi (mawimbi ya umeme kwa sekunde). Unapata mwendo wa kuongeza na kupunguza kwa kidole, na mota inaanza taratibu bila kushtua breka. Hadi kilowati 2.2, yaani hospawa 3, VFD za namna hii ni za kawaida madukani.

Soma kibao cha mota kabla hujalipa. Kikiandikwa 230/400, fundi wa umeme ataiunganisha kwa delta na itafanya kazi kwa VFD ya volti 230. Kikiandikwa 400/690, iache. Na usiikalishe kwenye hezi chache kwa muda mrefu, kwa sababu feni ya mota inazunguka na shafti yake. Ikienda polepole mota haipoi. Hapo tena ndipo puli inapokuokoa.

Kuhusu soketi: mota ya hospawa 2 inaweza kukaa kwenye plagi ya kawaida ya ampea 13. Ya 3, vuta laini yake kutoka kwenye breka. Ethi iwe ya kweli, na usitumie waya wa kurefushia mwembamba uliouviringisha.

Nimepata mashine ya mtumba kutoka Marekani, na nyingine kutoka Japani. Nichukue?

Jua unachonunua. Marekani ni volti 110 hadi 120 na hezi 60. Japani ni volti 100, hezi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi. Sisi ni 230 na hezi 50. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya kawaida ya hezi 60 ukiipa 50 itazunguka taratibu zaidi, ile iliyoandikwa 1,750 itakuja kwenye 1,450 hivi, na itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Transfoma ya 110 kwa mashine ya Japani ya 100 nayo inaipa volti zilizozidi.

Mimi huwa nashauri hivi: kama chuma ni kizuri na bei ni nzuri, nunua chuma, ng'oa mota, weka mota ya hapa na VFD. Gharama ya mota iingize kwenye bei tangu mwanzo wa mazungumzo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi inakuwaje?

Hili ningependa kila mtu alisome mara mbili. Umeme unakatika, mashine inasimama, unaweka patasi chini na kwenda kunywa maji. Swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha imebaki imewashwa. Mtoto anakuja kuchungulia, au wewe mwenyewe unarudi kulegeza chaki (kishikio cha taya kinachobana mbao), ufunguo wake ukiwa ndani. Umeme unarudi.

Mashine yoyote utakayonunua iwe na swichi ya sumaku, ile inayojiachia umeme ukikatika na haiwaki mpaka uibonyeze tena. Kama haina, fundi umeme ataifunga kwa muda mfupi na kifaa chenyewe si ghali. Kwenye VFD hakikisha kipengele cha kujiwasha umeme ukirudi kimezimwa. Chomoa plagi pia, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuua ubao wa umeme unaoongoza kasi.

Ninunue hapa, niagize, au nitengenezewe?

Kila njia ina watu wake.

Kuagiza kunakupa chaguo pana. Kumbuka kodi inahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli, halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake, halafu wakala wa forodha na gharama za bandari. Mashine nzito inakula nauli. Muombe wakala akupe makadirio kwa maandishi kabla hujatuma hata senti nje. Uliza pia vipuri: beringi zenye namba za kawaida kama 6205 utazipata Kariakoo na Gerezani siku hiyohiyo, mikanda ya V pia. Mkanda mwembamba wenye mifereji midogomidogo na ubao wa umeme wa kampuni ndivyo vitakavyokusumbua. Agiza vya akiba pamoja na mashine.

Kutengenezewa kusidharauliwe. Keko utaona mafundi wanakereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi kwenye mashine zilizotengenezwa hapahapa: fremu ya kuchomelea, shafti kwenye beringi mbili zenye nyumba zake, mota na mkanda. Zinafanya kazi siku nzima. Kwa mabakuli unahitaji zaidi ya hapo: shafti yenye tredi ya kawaida na tundu la koni, kichwa cha nyuma (kile kinachoegemea mwisho wa mbao) kinachokaa mstari mmoja na cha mbele (chenye shafti), na kasi ya chini. Fundi wa lezi mzuri anaweza kuyafanya yote ukimpelekea sampuli. Bila sampuli mkononi, usianze.

Nikikagua mashine ya mtumba nifanye nini?

Fika na senta mbili mfukoni. Weka moja mbele, moja kwenye kichwa cha nyuma, visogeze mpaka ncha zikaribie kugusana. Zikipishana juu na chini au kushoto na kulia, muulize muuzaji kama kichwa kinarekebishika. Kama hakirekebishiki, bei ishuke sana au uondoke.

Kisha toa mkanda, zungusha shafti kwa mkono, sikiliza. Inatakiwa iteleze kimya. Ukihisi punjepunje, beringi zimekwisha. Hilo si la kukukimbiza, ni la kupunguzia bei. Shika shafti uitikise juu na chini: isicheze hata kidogo. Ingiza kidole kwenye tundu la koni, mikwaruzo mirefu humaanisha senta iliwahi kuzungukia ndani. Pita na kidole kwenye tredi pia.

Mwisho iwashwe, ikae kwenye kasi ya chini dakika 15, ukiwa umeweka kiganja juu ya kichwa cha mbele cha mashine. Uvuguvugu ni sawa. Harufu ya kuungua si sawa. Muuzaji akikuambia umeme umeisha kwenye LUKU, jitolee kununua yuniti. Akikataa umepata jibu.

Tredi na koni vinanihusu nini?

Vinahusu kila chaki na sahani (bamba la kufungia gogo kwa skrubu) uliyokwisha kuinunua. Mashine ndogo nyingi zina tredi ya kipenyo cha inchi 1, yenye meno nane kwa kila inchi. Kubwa za Marekani ni inchi 1 na robo, nane kwa inchi. Za Ulaya mara nyingi ni M33 × 3.5. Koni iliyoenea ni Morse namba 2, inayoandikwa MT2. Mashine ndogo sana zina MT1. Chaki nyingi za taya nne zina kipete cha katikati kinachobadilishwa, kwa hiyo unanunua kipete kipya na chaki inahamia mashine mpya. Epuka mashine yenye tredi ya ajabu isiyo kati ya hizi.

Nakereza mpingo tu, kalamu na vijibakuli. Nahitaji kubwa?

Hapana. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, lakini vipande vyake ni vidogo na unataka kasi na shafti isiyocheza. Mashine ya inchi 12 yenye beringi nzuri itakuhudumia miaka mingi. Fedha iliyobaki nunulia patasi za chuma kigumu na grainda nzuri ya kunolea, maana mpingo unamaliza makali, na mtiki wenye silika pia. Mvule nao wakati mwingine una mawe ya chokaa ndani yake.

Na bajeti niigawe vipi?

Theluthi mbili kwa mashine, theluthi moja kwa vingine: chaki, grainda, kinga kamili ya uso, na barakoa ya kuzuia vumbi laini. Hiyo ya mwisho usiikate. Vumbi la mvule na la mpingo linajulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua kifua, na mtu anaweza kukaa nalo vizuri kwa miaka kisha mwili ukalikataa. Mwenye fedha ya mashine kubwa isiyobakiza kitu, achukue ya saizi moja chini.

Nakaa karibu na bahari. Kutu je?

Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach chuma cha kusubu kinashika kutu usiku mmoja, hasa msimu wa masika. Maranda ya mti mbichi yakilala juu ya kitanda mpaka asubuhi, yanaacha madoa meusi. Fagia kabla ya kufunga mlango, futa, paka nta mara kwa mara. Funika kwa shuka la pamba. Turubai la plastiki linafungia unyevu ndani.

Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya pili. Inawezekana?

Mashine ya benchi, ndiyo, kwa mkeka wa mpira chini na saa za heshima kwa majirani. Ya kilo 300 hapana. Hata kwa chini, pima mlango na ngazi kabla, uliza kama kirikuu kinafika hadi getini, na angalia kama kichwa, kitanda na miguu vinaachana. Nyingi zinaachana, na watu wanne wanaingiza kipande kimojakimoja.

Nikishanunua kubwa, niuze ile ndogo?

Subiri miezi michache. Ndogo inafaa sana kufungiwa gurudumu la kung'arisha, au kumwachia kijana wa nyumbani ajifunze kukereza pia. Ukiamua kuiuza, iuze pamoja na chaki yake ya zamani na patasi mbili zilizonolewa, ili anayeinunua aanze kazi siku hiyohiyo.